Mtu Aliyekufa Kila Jumapili

Bati lile nililifungua kwa bisibisi, maana kutu ilikuwa imeshika mfuniko, na harufu ya siki ikanipiga usoni kabla sijaona kilichomo. Haikuwa siki ya achari wala ya kachumbari. Ilikuwa siki iliyochanganyika na vumbi na plastiki iliyolala juani. Wenzangu tuliokuwa tukikusanya nao vyombo vya marehemu walishika pua wakaniambia nitupe uchafu ule. Mimi nilikaa palepale, juu ya kigoda chake, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku tuliyomzika.

Marehemu alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza. Ninaposema fundi cherehani simaanishi alishona. Kushona hakujua hata kifungo. Alitengeneza mashine za wanaoshona, na mikono yake ilinuka mafuta mpaka siku ya Idi. Lakini katika ujana wake alimbebea padri mmoja wa Kizungu mashine ya sinema, wakizunguka nayo vilimani, na padri alipozeeka na kurudi kwao alimwachia mashine hiyo mota ikiwa imekufa, pamoja na filamu tatu ndani ya mabati. Wasimulizi wengine wa familia husema padri alikuwa bahili. Baba Mkubwa alisema amepewa urithi.

Mota hakuihangaikia. Alichukua gurudumu la cherehani ya mkono akalifunga ubavuni mwa mashine, akawa anazungusha mwenyewe. Taa ilikuwa ya gari, na betri ililetwa na baba yangu, Yusufu, aliyekuwa fundi wa radieta na asiyekosa betri ya mteja mahali fulani. Umeme wa mji ulipokatika, na ninyi mliokuwa watoto wakati ule mnajua ulivyokatika, sisi hatukujali. Jumapili baada ya sala ya adhuhuri tulifunika dirisha kwa mablanketi mawili, tukatundika shuka ukutani, tukaketi mkekani huku jasho likitutoka. Gurudumu likaanza kulia kama mtu anashona, na Wazungu weupe kama waliopakwa unga wakaanza kukimbia kwenye shuka ya mama.

Hawakuwa na sauti. Zilikuwa filamu za zamani sana, za kule Amerika sinema ilipokuwa bado changa, na sauti yote ilikuwa ya Baba Mkubwa. Alituambia kwamba vilimani watu hawakukubali kumtazama mtu wasiyemjua. Mtu akitokea tu kwenye kitambaa, wanapiga kelele: huyo nani, mwana wa nani, anakaa wapi? Padri alikuwa hana jibu, basi kijana mbeba mashine akajifunza kuwapa majibu. Kila mchezaji alipata jina, mama na mtaa, na hapo ndipo watu walipotulia. Kazi hiyo hakuiacha hata alipobaki na watazamaji sita chumbani.

Kwa hiyo yule polisi mnene mwenye mashavu aliitwa Hamisi, wa Buyenzi, msikiti wa pili. Yule mwanamke mwenye macho makubwa na kope kama za ng'ombe alikuwa Mama Zaina. Baba Mkubwa alituhadithia na maisha yao, mengine aliyaambiwa na padri, mengine aliyasoma katika gazeti la Kifaransa lililokosa nusu, mengine naamini aliyatoa mfukoni. Hamisi, alisema, alikuwa mpole nyumbani kwake na aliogopa maji, ndiyo maana kila mara wakubwa wa sinema walimtupa mtoni. Mama Zaina alipendwa na dunia nzima, watu wakampelekea maua mpaka akakosa pa kulala, halafu filamu zikaanza kusema, wakasikia sauti yake ni ya bata, wakamrudisha kwao. Nilimhurumia sana Mama Zaina. Hamisi nilimwamkia siku moja sokoni, askari mmoja mnene, nikasema shikamoo Hamisi, na mama akanifinya mpaka nyama ikageuka.

"Hawa watu kazi yao ilikuwa nguvu," Baba Mkubwa alikuwa akisema huku akizungusha. "Sauti haiko. Kila kitu iko ku uso. Muangalie uso, musiangalie mudomo. Mudomo wanachezesha tu."

Kulikuwa na wa tatu, mwembamba mwenye masharubu, na huyo kazi yake ilikuwa kufa. Hata siku moja hakuwa mkubwa wa filamu. Maandishi ya mwanzo yaliwataja wote, yeye hayakumtaja. Katika filamu ya kwanza alianguka kutoka juu ya paa, katika ya pili alipigwa risasi mlangoni pa benki, na katika ya tatu, tuliyoipenda kuliko zote, alisimama juu ya daraja, watu wawili wakamfuata, akageuka, akaanguka kinyumenyume ndani ya maji na mikono wazi. Kofia yake ikabaki darajani, mbwa akaja akaichukua. Baba Mkubwa alisema maskini huyo alivunja mbavu mara nne kwa kazi hiyo na hakuna aliyemjua jina. Kwa vile hakuna aliyemjua jina, akampa la mdogo wake. Akamwita Yusufu.

Baba yangu, aliyekaa nami mkekani, mwembamba, mwenye masharubu, alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, unaniua bure! Juma lililopita umeniua, leo tena?"

"Nyamaza, we maiti," Baba Mkubwa alijibu.

Na mwisho kulikuwa na jambo lililotuleta pale kila Jumapili. Filamu ikiisha lazima irudishwe kwenye gurudumu lake, na Baba Mkubwa hakuzima taa. Alizungusha kinyume. Mbwa akarudi kinyumenyume, akaitema kofia. Maji yakafunguka, na Yusufu akaruka kutoka mtoni, mkavu kabisa, akasimama darajani. "Yusufu, rudi nyumbani!" tulipiga kelele sote, na mama pia, aliyekuwa akijifanya anachagua maharage.

Nilikuwa na miaka sita. Msinicheke. Sikuwa mjinga kiasi cha kufikiri baba yangu yuko mkekani na mtoni kwa wakati mmoja. Nilifikiri ni kazi yake nyingine. Wanaume wengi wa Bwiza walikuwa na kazi mbili. Nilifikiri kuna siku aliyokwenda darajani, akafa, akarudishwa, na sasa tunaangalia. Hakuna mtu aliyeniambia vingine, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nafikiri hivyo.

Wakati huo mji ulikuwa umeanza kutuchanganya hata wakubwa. Majirani walihama bila kuaga, na wengine wakaingia katika nyumba zao na magodoro kichwani. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Kamenge, na wakubwa walisimamisha kijiko hewani, wakasikiliza, halafu wakaendelea kula. Watoto tuliambiwa mtaa huu pita, mtaa ule usipite, na kesho yake ikawa kinyume. Nilikariri kama masomo na sikuelewa hata kimoja.

Asubuhi moja baba alifunga radieta nyuma ya baisikeli, ya mteja wa Cibitoke, ng'ambo ya mto, aliyekuwa ameiulizia mara tatu. Mama alimshika mkono mlangoni.

"Usiende leo. Wanasema njia si muzuri."

"Ni kwenda na kurudi tu, Mama Mutoto. Kabla ya adhuhuri niko hapa."

Alivaa kofia yake ya kahawia. Nilimwuliza, "Baba, unapita ku daraja?"

"Ego, ndiyo," alisema akicheka. "Bila daraja la Ntahangwa nitafika aje Cibitoke?"

Basi nikaridhika. Nilijua anakwenda wapi, nilijua na kitakachotokea, na nilijua atarudi.

Adhuhuri ilipita. Mama aliweka sahani yake mezani, ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, akaifunika kwa sahani nyingine. Kesho yake aliweka nyingine. Siku ya tatu Baba Mkubwa alitoka alfajiri bila kumwambia mtu, akarudi jua likiwa limepanda, suruali imelowa mpaka magotini.

"Umetoka wapi hivyo?" mama alimwuliza.

"Mvua."

Mimi nilifurahi. Niliona wazi kwamba ametoka darajani kumtazama baba kazini. Nilimfuata kwenye ndoo alipokuwa akinawa na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Umemuona?" Alinawa mikono, akanawa tena, akaingia chumbani kwake na kuifungia mashine ndani ya kabati. Jumapili ile mablanketi hayakutundikwa.

Nilingoja Jumapili mbili. Ya tatu nilikwenda nikasimama mbele yake akiwa anasafisha cherehani ya mtu. "Baba Mukubwa, zungusha nyuma."

"Mashine imevunjika, mwanangu."

"Haijavunjika. Hakuna mutu ameigusa."

Aliendelea kusafisha, na mimi nikamkasirikia kwa hasira ya kweli, ile ya kunyima salamu. Nilimwona ni mvivu. Mtu anangoja majini, na yeye kuzungusha gurudumu tu anakataa.

Sahani ziliendelea mezani kila mchana, na jioni kabla ya kuvrefe, ile saa ya kutotoka nje, mama aliwapa watoto wa jirani chakula kile. Shangazi, dada ya baba na Baba Mkubwa aliyekaa Buyenzi, alianza kuja kila siku. Alitaka mama akae eda, avue bangili, watu wasome hitima, mambo yajulikane. Mama alikataa. Sheikhe wa mtaa naye alisema hawezi kumlazimisha: hakuna maiti, hakuna shahidi, na mwanamke hakai eda ya mume ambaye huenda amefungwa mahali au amekimbilia Kongo. Mama alishika neno hilo. Huenda. Alilisema asubuhi na jioni.

Siku moja baada ya alasiri chumba chetu kilijaa wanawake. Shangazi alikuwa katikati, mama ameegemea ukuta, na mimi nilikuwa nimejilaza mkekani nikivunja biskuti vipande vidogo. Baba Mkubwa alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama wanaume wanavyokaa penye wanawake wengi. Shangazi alinigeukia, nadhani alichoka kubishana na mama.

"We mutoto, siku ile baba yako alikuambia nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu tangu baba aondoke. Nilikaa vizuri.

"Aliniambia anapita ku daraja," nilisema. "Mi nilimuona. Alisimama ku daraja. Watu wawili wakamufuata nyuma. Akageuka hivi, akaanguka mu maji, mikono hivi. Kofia ikabaki juu..."

Sikufika kwenye mbwa. Laiti ningeanza na mbwa! Shangazi alipiga ukelele mmoja, wanawake wakadakia, chumba kikajaa kilio mpaka nikaziba masikio. Mtu alinivuta kifuani kwake na kunifunika kwa mtandio wake, akisema maskini, ameona kwa macho yake, kumbe mutoto aliona na akanyamaza. Nilijitahidi kutoa kichwa. "Lakini atarudi!" nilipiga kelele. "Baba Mukubwa atazungusha nyuma!" Wakalia zaidi. Kila nilipoeleza walilia zaidi, na mimi mwenyewe nikaanza kulia kwa sababu sikuelewa nimekosa wapi katika hadithi ninayoijua vizuri namna ile.

Nilimtafuta Baba Mkubwa anisaidie, kwa kuwa yeye ndiye mwenye filamu. Alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti. Alinitazama, akamtazama mama, na hakusema kitu. Mama naye alimtazama muda mrefu. Kisha akavua bangili moja baada ya nyingine, akazitia katika mkono wa Shangazi, akaingia chumbani, na alipotoka alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda.

Mchana uliofuata hapakuwa na sahani mezani. Nilipakua mimi mwenyewe, ugali kidogo na maharage, nikafunika. Mama alitoka, akafunua, akanisukumia mbele. "Kula wewe," alisema.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoelewa. Kwa jirani aliyekuwa na televisheni walionyesha filamu ya zamani, ya kimyakimya, na mtu mwembamba mwenye masharubu akabiringika kwenye ngazi, akalala chini, mguu mmoja juu. Watu wa nyumba wakacheka. Mtoto wao mkubwa akasema wachezaji wale wote walikufa kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Nilitoka nje. Sikuwa nimemwona baba darajani. Hakuna aliyemwona. Nilikuwa nimesimulia kifo cha Mwamerika mmoja asiye na jina, na kwa maneno yangu wakamlilia baba yangu, wakamsomea hitima, wakamvika mama nguo ya mjane. Nilimwua kwa mdomo wangu.

Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila geti lilipogongwa niliogopa kufungua. Nilimwona mawazoni baba akiingia, amekonda kwa kifungo, akiuliza nani alisema nimekufa. Vita viliisha, waliokimbia wakarudi, waliofungwa wakarudi, na mimi kwa kila aliyerudi nilikosa usingizi. Kwa Baba Mkubwa niliona aibu hata kumtazama. Alijua, ni lazima alijua, ile filamu ilikuwa yake. Nilidhani ananifichia siri hiyo kwa huruma. Yeye naye hakuwahi kulitaja, na mashine haikutoka tena kabatini.

Basi juzi, nikiwa na bati lile kwenye mfuko wa plastiki, nilirudi nyumbani kwangu Carama, ambako mama anakaa nami sasa. Alikuwa amekaa karibu na dirisha akichagua mchele. Nilipiga magoti mbele yake kama mtoto, mwanamke mzima mwenye mvi, nikasema yote bila kupumua. Kwamba sikumwona baba. Kwamba ilikuwa filamu. Kwamba nilikuwa nimebakiza mbwa.

Mama aliendelea kuchagua mchele mpaka nikamaliza.

"Ile filamu," alisema, "mi niliiangalia nikiwa na mimba yako. Unafikiri sikuijua? Uliposema tu mikono hivi, nikajua."

"Sasa mbona ulivaa nyeupe?"

"Niliangalia uso ya Baba Mukubwa yako."

Alisukuma sinia pembeni. "Kama ndugu yake alikuwa muzima, ama kama hakujua, angecheka. Angesema, apana, nyinyi mumepata wazimu, ile ni filamu yangu. Hakusema. Alikaa pale chini. Na ile siku alirudi na suruali ya maji, mvua haikunyesha, mwanangu. Mi nilikuwa nimeanika nguo."

"Alimwona."

"Alimuona. Hakuweza kumutoa mu maji, na hakuweza kusema. Wewe ulisema mahali pake."

Sijui niwaambie nini kuhusu nilichokisikia moyoni. Nafuu ilikuwepo, lakini iliyotangulia ilikuwa hasira, hasira kubwa, juu ya watu wawili wazima walioelewana kwa macho juu ya kichwa changu na kuniacha na mzigo huo miaka yote. Nilimwambia mama hivyo, kwa sauti kali ambayo sijawahi kuitumia kwake. Aliinamisha kichwa. Alisema hakujua kwamba ninaubeba. Alidhani watoto husahau.

Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwenye mfuko. "Ni ile ya daraja?"

"Ndiyo. Imeharibika, inanuka."

"Nipe miwani."

Nilifungua bati. Filamu ilikuwa imejikunja na kushikana kama maganda ya vitunguu, na mzunguko wa kwanza ulikatika mikononi mwangu, mweupe, haukuwa na kitu. Wa pili pia. Wa tatu ulikubali kufunguka. Mama aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akausogeza karibu na macho yake, akaushusha, akauinua tena. Picha zilikuwa ndogo kama kucha ya mtoto. Niliinama begani kwake nikaona daraja, na juu yake mtu mwembamba, peke yake, na kofia kichwani.

"Hapa bado anasimama," mama alisema.

Alihesabu vipicha kwa ncha ya kidole, akifuata mtu yule kutoka kimoja hadi kingine, na katika vyote alikuwa amesimama. Alipofika mahali ambapo vivuli viwili vilianza kuingia pembeni, akasimamisha kidole.

"Kata hapa," alisema.

Nilienda kutafuta mkasi.